UZI: Kupiga picha za maisha ya shamba ya karne ya 19 katika Living History Farms, Iowa

#1 Msafiri wa Nyanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Picha nilizoweka kwenye uzi wa mandhari zimezua maswali mengi, na kwa kuwa majibu yake ni marefu, nimeona heri yawe na uzi wake ili tusiwachoshe waliokuja kutazama milima na machweo.

Picha zile zilipigwa Living History Farms, makumbusho ya wazi yaliyoko Urbandale, pembezoni mwa jiji la Des Moines katika jimbo la Iowa, Marekani. Yalianzishwa mwaka 1970 na William G. Murray, profesa wa uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, ambaye kabla ya hapo aliwahi kugombea ugavana mara mbili na kushindwa zote mbili. Hasara ya siasa ikawa faida ya historia. Eneo lake ni ekari zipatazo 500, na ndani yake mna shamba la Waioway, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, la mwaka 1700, shamba la walowezi la mwaka 1850, mji mdogo wa miaka ya 1870 uitwao Walnut Hill, na shamba la mwaka 1900 linalolimwa kwa farasi. Mgeni hutoka shamba moja hadi jingine kwa tela linalovutwa na trekta. Vitu havikufungiwa ndani ya makabati ya vioo: mahindi yanapandwa, kuni zinapasuliwa, chakula kinapikwa, na wanaofanya kazi hizo ni waelekezi waliovaa mavazi ya enzi husika, ambao hukujibu maswali huku mikono yao ikiendelea na kazi.

Wengi wakifika pale hutafuta picha inayofanana na picha za kale: mzee mwenye ndevu kasimama wima mlangoni, mama mwenye kofia ya kitambaa kakaa kitini, wote wamekaza macho. Mimi naona huko ni kukosea njia. Watu wa karne ya 19 hawakusimama wima kwa sababu waliishi hivyo, bali kwa sababu kamera za wakati wao hazikuweza kumnasa mtu anayetembea. Dagerotaipu, yaani picha ya kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, ilipotangazwa Paris mwaka 1839 ilihitaji mtu atulie kwa muda mrefu. Bamba la kioo lililopakwa kolodioni, kimiminika cha kunata chenye kemikali za kunasa mwanga, ambalo Frederick Scott Archer alilieleza mwaka 1851, lilifupisha muda huo, lakini bado lilihesabiwa kwa sekunde, na ilibidi lipakwe, lipigiwe picha na kusafishwa kabla halijakauka. Kwa hiyo kazi ya shamba, ambayo ndiyo iliyojaza siku nzima ya watu wale, karibu haimo kabisa kwenye picha za katikati ya karne. Shamba hai linatupa nafasi ya kupiga kile ambacho wao walikiishi ila hawakuweza kukipiga. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kurudi kule kila msimu, na ndiyo mada ya uzi huu.

#2 Msafiri wa Nyanda

Naanza na shamba la 1850, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote kwa mpigapicha.

Nyumba ni ya magogo, chumba kimoja, na chakula hupikwa kwenye meko ya ukutani. Ukiingia kutoka juani huoni kitu. Mwanga unatoka mlangoni na dirishani tu, na moto wa meko, hata ukiwaka vizuri, hauangazi zaidi ya uso wa aliyeinama mbele yake. Usiwashe flashi, maana itafuta giza lile, na giza lenyewe ni sehemu ya habari: wanawake wa nyumba zile walipika, walishona na kulea watoto humo. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, fungua tundu la lenzi hadi f/2 au f/2.8, kasi ya shata isishuke chini ya 1/60 ya sekunde, kisha simama ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, ili mwanga umpate mtu kutoka upande. Mizani ya rangi ya kamera iweke kwenye mwanga wa mchana. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaufanya moto uwe mweupe kama taa ya ofisini.

Nje kuna maksai. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na linawaharibia picha nusu ya siku. Mwendesha maksai hakai nyuma wala hashiki hatamu. Hutembea upande wa kushoto wa jozi yake, karibu na bega la ng'ombe wa kushoto, akiwaongoza kwa sauti na fimbo. Akisema "haw" wanakwenda kushoto, akisema "gee" wanakwenda kulia. Ukisimama upande wa kulia, ng'ombe wawili wakubwa watamfunika mtu, nawe utarudi na picha za mbavu za ng'ombe. Simama kushoto, mbele kidogo, mahali ambapo mwelekezi amekuruhusu, upate uso wa mtu, nira, na pembe za wanyama wote wawili kwa mpigo mmoja. Plau inapopasua ardhi, kasi ya 1/500 itayaganda madongoa yakiwa yanapinduka. Mimi napenda zaidi 1/30 huku kamera ikifuata mwendo wa wanyama: miguu na udongo vinakuwa ukungu, ila kichwa cha ng'ombe kinabaki wazi. Picha nyingi zitaharibika, na itakayofaulu itatosha.

Maksai walifaa kwa walowezi kwa sababu walikuwa bei nafuu kuliko farasi, walishiba nyasi tu, na walikuwa na nguvu ya kupasua ardhi ya nyika ambayo mizizi ya nyasi zake ilifungamana mithili ya mkeka. Plau ya chuma cha kawaida ilinatwa na udongo ule mzito mpaka mkulima asimame kuikwangua kila baada ya hatua chache, na ndipo plau ya chuma cha pua iliyosuguliwa, aliyoitengeneza mhunzi John Deere huko Illinois mwaka 1837, ikapata soko. Kwa hiyo ukimpiga picha mtu analima, usiuache ule ubapa wa plau unaong'aa. Mng'ao ule ndio uliofanya udongo uteleze.

#3 Binti Kigoma

Shikamoo kaka, na ahsante kwa darasa. Mimi sina kamera kubwa, nina simu tu. Je, inafaa, au nitakuwa najisumbua? Na je, waelekezi hawakasiriki wakipigwa picha wakiwa kazini?

#4 Msafiri wa Nyanda

Marahaba dada. Simu inafaa sana nje, na ndani ya nyumba ya magogo inafaa ukiisaidia. Gusa skrini mahali penye mwanga zaidi, kwa mfano kwenye shavu lililoelekea dirisha, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Zima ile hali ya picha za usiku inapokuwa mtu anasogea, kwa sababu huunganisha picha kadhaa na mikono inayokanda unga itatoka ikiwa kama ya mzimu. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe.

Kuhusu waelekezi, wamezoea wageni wenye kamera, lakini uliza kwanza. Kisha subiri. Ukishauliza, mtu huacha kazi, hunyoosha mgongo na kutabasamu. Piga hiyo ya tabasamu kwa heshima, mshukuru, halafu endelea kuongea naye kuhusu anachokifanya. Baada ya dakika chache atakuwa amerudi kwenye kazi yake na amekusahau, na hapo ndipo picha ilipo. Anayetaka picha za biashara au za harusi aombe kibali kwa uongozi kabla ya kufika.

#5 Mwana wa Uvira

Ndugu zangu, naomba niseme jambo ambalo huenda halitapendeza. Ninaishi hapa Des Moines, ambako sisi Wakongomani na Warundi si wachache, na watoto wetu hupelekwa kwenye mashamba hayo na shule zao. Wanarudi wakisema walowezi walikuwa watu hodari, jambo ambalo silikatai. Lakini kila nikiona picha hizi nzuri za nyumba ya magogo yenye moshi mwembamba, najiuliza ardhi ile ilikuwa ya nani. Sisi tulioondoka kwetu bila kupenda tunauliza swali hilo haraka kuliko wengine. Je, mpigapicha ana la kusema hapo, au yeye anatafuta mwanga mzuri tu?

#6 Msafiri wa Nyanda

Mwana wa Uvira, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa urefu kwa kuwa tarehe zenyewe ni za karibu mno.

Ardhi ya katikati ya Iowa iliachwa kwa mkataba wa mwaka 1842 na Wasauk na Wameskwaki, jamii nyingine za wenyeji asilia, ambao walitakiwa wawe wameondoka kufikia Oktoba 1845. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba mwaka huo walowezi walikuwa wakingoja kwenye mpaka, na ilipofika saa sita ya usiku wakaingia kujipimia viwanja. Kwa hiyo shamba la 1850 linaonyesha mahali ambapo majivu ya watu wengine yalikuwa na miaka mitano tu. Waioway, ambao jimbo limechukua jina lao, walikuwa wamesukumwa kabla ya hapo. Mwaka 1837 ujumbe wao ulikwenda Washington ukiwa na ramani waliyoichora wenyewe, yenye mito ya Mississippi na Missouri na mahali pa vijiji vyao vya kale, ili kuthibitisha kwamba nchi ile ni yao. Ramani ipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Marekani. Ardhi waliipoteza mwaka uliofuata. Wazao wao wako Kansas, Nebraska na Oklahoma. Wameskwaki nao walirudi, wakanunua ardhi katika wilaya ya Tama kwa fedha zao mwaka 1857, na wapo Iowa mpaka sasa.

Sasa, mpigapicha afanye nini? Kwanza, asiruke shamba la Waioway kwa haraka ya kukimbilia farasi. Wageni wengi hulipita kwa sababu halina wanyama wa kukumbatia. Pale kuna nyumba za magome ya miti, bustani za mahindi, maharage na maboga ambazo katika jamii ile zilikuwa mikononi mwa wanawake, na majembe yaliyotengenezwa kwa mfupa wa bega la nyati wa Marekani. Lipige picha jembe hilo kwa karibu, mwanga wa jua ukilalia mfupa, kwa uangalifu uleule unaoipa plau ya chuma. Pili, unapozipanga picha zako, zipange kwa mfuatano ambao mtazamaji hawezi kuukwepa: bustani, kisha nyumba ya magogo. Usizichanganye na usiiweke bustani mwishoni kama nyongeza.

Na walowezi nao si kwamba walikuwa peponi. Nyanda zile zenye mabwawa zilikuwa na malaria, ndiyo, hii hii yetu. Homa ya vipindi iliwatetemesha watu majira ya joto, na kwinini ilikuwa bidhaa ya dukani. Picha haiwezi kuonyesha homa, ila inaweza kumwonyesha mtu aliyechoka.

#7 Fundi Seif

Assalaam aleikum. Swali la kifundi kutoka Unguja. Katika picha yako ya duka la Walnut Hill, mama amevaa aproni nyeupe na nyuma yake kuna jiko jeusi na majora ya vitambaa. Mimi nikipiga hivyo, aproni inaungua yote inakuwa karatasi. Umefanyaje? Pia majora yale yamenikumbusha merikani, yale mabafta ya pamba yaliyokuwa yakishushwa hapa kwetu na meli za Salem, bandari ya Marekani, hasa baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Nadhani mwanamke wa Iowa na mwanamke wa Unguja waliweza kuvaa kitambaa cha viwanda vilevile.

#8 Msafiri wa Nyanda

Waaleikum salaam, Fundi. Pima mwanga kwenye aproni, si kwenye jiko. Punguza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja hivi, piga katika faili ghafi (RAW), kisha inua vivuli baadaye. Weusi husameheka, weupe ulioungua haurudi. Kuhusu merikani nakuunga mkono, ingawa biashara ile ilivunjika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza mwaka 1861 na pamba ya Marekani ikaadimika.

Nikiwa bado Walnut Hill, mahali ninapokaa zaidi ni kwa mhunzi. Fundi huvuta mivukuto, makaa yanapata sauti, na chuma kinatoka motoni kikiwa cha rangi ya chungwa iliyokolea. Hapo ana sekunde chache tu kabla hakijarudi kuwa chekundu cha giza, na ndani ya sekunde hizo anapiga, anageuza, anapiga tena, halafu anakirudisha. Mdundo unajirudia, kwa hiyo usibonyeze ovyo: mizunguko miwili ya mwanzo tazama tu, uone nyundo inafika wapi na cheche zinarukia upande gani. Piga kwa 1/125 ukipima mwanga wa chuma chenyewe; kibanda kitazama gizani, uso utabaki na mwanga wa makaa, na fuawe itaonekana kwa mstari mmoja tu ukingoni. Usitumie kasi kubwa zaidi, kwa kuwa cheche zitageuka nukta badala ya nyuzi.

Ukitoka hapo kuna kiwanda cha uchapaji, mtengeneza mifagio, fundi wa kofia za wanawake, shule na kanisa. Shule ni nzuri kwa watoto, kwa picha ni ya kawaida.

#9 Lenzi Moja

Mkuu, nakubaliana na mengi, ila umesema picha za kale hazina kazi. Mbona kuna picha nyingi za wakulima wa nyanda za Marekani wakiwa mashambani na mifugo yao?

#10 Msafiri wa Nyanda

Zipo, na nyingi ni za miaka ya 1880 kuendelea, baada ya mabamba makavu ya jelatini kuenea na muda wa kupiga kupungua sana. Lakini tazama zimepigwaje. Mfano mzuri ni Solomon Butcher, aliyeanza mwaka 1886 kuzunguka wilaya ya Custer, Nebraska, akipiga picha familia mbele ya nyumba zao za matofali ya nyasi. Familia hutoka nje, hupanga viti na meza uani, humleta farasi na ng'ombe, na wote hutazama kamera. Picha zake ni hazina, nazipenda, lakini zinaonyesha watu walitaka waonekane vipi, si siku yao ilikwendaje. Tena alikuwa akikwaruza baadhi ya mabamba yake na kuchorea vitu ambavyo kioo hakikunasa, kwa hiyo hata uchezeaji wa picha si jambo la kizazi chetu.

Kamera iliingia kweli mikononi mwa mkulima mwishoni mwa kipindi tunachokizungumza. Kodak ya kwanza ilitoka mwaka 1888, na Brownie, kisanduku cha dola moja, mwaka 1900, mwaka uleule unaoonyeshwa na shamba la farasi pale Iowa. Ndiyo maana shamba hilo nalipiga kwa mtindo tofauti: chini, karibu, bila kupanga chochote, namna ambavyo mtoto wa nyumba ile angepiga.

Farasi wa kazi wa pale ni wakubwa ajabu, aina ya Percheron, na hapo mwendeshaji anashika hatamu akiwa nyuma, kwa hiyo kanuni ya maksai haitumiki. Usipite nyuma yao, na tazama masikio: yakielekea mbele farasi anavutiwa na kitu, na picha yake itakuwa hai, yakilala nyuma, ondoka. Ukifika wakati wa kupanda mahindi, tafuta waya. Wakulima wa Iowa wa wakati ule walitandaza waya wenye mafundo kutoka mwanzo hadi mwisho wa shamba, na kila fundo lilipopita kwenye mashine ya kupandia liliangusha mbegu, ili mashina yalingane kwa urefu na kwa upana na palizi iweze kupita pande zote mbili. Mstari ule wa waya ukiufuata kwa lenzi pana, unakupa picha yenye kina ambayo hakuna aliyekupangia.

Wakati wa mavuno, sauti ndiyo itakayokuongoza. Mvunaji hufunga ndoano ndogo kiganjani, huchana ganda, huvunja hindi na kulirusha garini bila kuangalia, na upande wa pili wa gari kuna ubao mrefu wa kulizuia lisivuke. Hindi likigonga ubao, jua kwamba lijalo linakuja baada ya muda uleule. Hesabu pamoja naye, kisha bonyeza hindi likiwa hewani.

#11 Kipanga wa Dar

Uzi umenifanya nifikirie Kijiji cha Makumbusho hapa Dar. Nyumba za makabila zipo na ni nzuri, ngoma zipo, lakini nimekuwa nikipiga kuta na mapaa tu. Je, tatizo ni mimi au ni mahali?

#12 Msafiri wa Nyanda

Si wewe wala si mahali. Kijiji cha Makumbusho kilijengwa kuonyesha ufundi wa nyumba na utamaduni, hakikujengwa kiwe shamba linalozalisha. Nenda siku ambazo kuna mafundi, wachongaji au wasusi, na uwapige wao kwa namna tuliyoijadili hapa. Nyumba iwe nyuma yao.

#13 Binti Kigoma

Kaka, la mwisho. Nimeona wengi wakizipaka picha zao rangi ya kahawia ili zionekane za kale. Wewe unafanya hivyo? Na vitu vya kisasa vinavyoingia kwenye fremu unavifutaje?

#14 Msafiri wa Nyanda

Sifanyi, dada. Kolodioni halisi ilikuwa na tabia zake: haikuona wekundu, ilifanya anga kuwa jeupe tupu na madoadoa ya usoni kuwa meusi. Rangi ya kahawia ya programu za simu haifanani na hayo, na inaondoa kile tulichokifuata, yaani rangi ya chuma, ya mahindi na ya ngozi ya mtu aliyeshinda juani. Nyeusi na nyeupe natumia pale tu mwanga wa ndani umenichanganyia rangi.

Vitu vya kisasa navikwepa kwa miguu. Barabara kuu ya magari iko palepale na malori yanasikika, kwa hiyo nashuka chini, nainua kamera kidogo, na ua wa mbao unafunika mambo mengi. Kikibaki kitu, kwa mfano miwani ya mwelekezi au mgeni mwenye mkoba mgongoni, nakiacha. Sikifuti kwa programu. Na kila picha naiandikia mwaka niliopiga, nikitaja kwamba anayeonekana ni mwelekezi wa makumbusho, kwa sababu nimekwisha kuona picha za namna hii zikisambaa mitandaoni zikidaiwa kuwa za mwaka 1850, miaka ambayo, kama tulivyosema, hakuna kamera iliyoweza kumpiga mtu akirusha hindi.

Msimu wa kutembelea ni kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba. Anayetaka kupanda aende mwanzoni, anayetaka mavuno aende mwishoni, na angalieni ratiba ya kazi za siku kabla ya kununua tiketi, maana mvua ikinyesha maksai hawafungwi nira. Fikeni lango linapofunguliwa, pigeni picha za nje kwanza, saa za mchana jua likiwa utosini ingieni kwa mhunzi na kwenye nyumba ya magogo. Vaeni viatu vya kufunika vidole.